Mistari ya jua kwa sisi waendesha baiskeli weusi: ni jua peke yake, au kuna jingine?

#1 Mwendapole (mleta mada)
Habari wana jukwaa. Kila Jumamosi mimi na wenzangu huondoka Tegeta kabla jua halijachomoza, tunakwenda Bagamoyo, tunapata chai na chapati, kisha tunarudi, na mara nyingi tunaingia mjini kati ya saa tano na saa sita mchana. Mimi ni mweusi wa kawaida, wala si maji ya kunde, na siku zote niliamini kwamba habari za kubabuka na jua ni za Wazungu wanaolala ufukweni. Sasa mapaja yangu yana rangi mbili zinazotenganishwa na mstari uliopigwa kama kwa rula pale pindo la bukta linapoishia, na mgongoni mwa kila kiganja nina duara jeusi mahali glovu ilipo na tundu. Linalonishangaza zaidi ni kwamba mkono wa kushoto umekolea kuliko wa kulia, na kwamba nilipopumzika mwezi mzima wa Ramadhani mistari haikufutika. Je, hili ni jua kweli? Kama ni jua, lina madhara au ni suala la sura tu? Na ninyi mnajikingaje?

#2 Kanyagio
Mkuu, faida yake ni kwamba siku ukienda kuogelea hakuna atakayekuuliza bukta yako iko wapi, kwa maana hata ukiivua bado utaonekana umeivaa. Nakaa hapa nisubiri wataalamu.

#3 Tabibu wa Zahanati
Mleta mada, ni jua, na ngozi nyeusi nayo hubadilika rangi. Idadi ya seli zinazotengeneza melanini, yaani ile rangi nyeusi ya ngozi, haitofautiani sana kati ya mtu mweusi na mweupe. Tofauti iko katika wingi wa melanini yenyewe, aina yake, na namna inavyosambazwa ndani ya ngozi. Jua likikupiga, mambo mawili hutokea. Kwanza, miale ya urujuanimno aina ya UVA huifanya melanini iliyokuwepo iwe nyeusi zaidi ndani ya dakika chache, na ndiyo maana unafika nyumbani ukiambiwa umeungua. Pili, baada ya siku mbili tatu, hasa kwa sababu ya aina nyingine ya miale hiyo, UVB, ngozi huanza kutengeneza melanini mpya, na hiyo ndiyo hukaa kwa wiki kadhaa. Vipimo vya maabara vya miaka ya 1970 vilikadiria kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi hukinga takribani sawa na losheni yenye SPF 13 (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya miale inayounguza), ilhali la ngozi nyeupe hukinga kama SPF 3 hivi. Kwa hiyo unayo kinga ya asili, lakini haikutoshi kwa saa tano barabarani.

#4 Mzee Kahama
Nimesoma na nimetabasamu. Mimi nimebeba abiria na magunia ya mpunga kwa baiskeli aina ya Phoenix kati ya Kahama na vijiji vyake tangu ujana wangu, wakati huo baiskeli za abiria huku kwetu tukiziita daladala, na sijawahi kuwa na mstari wowote wala kupaka losheni yoyote. Jua ni lile lile. Kilichobadilika ni nguo mnazovaa ninyi vijana, hizo bukta za kubana zenye mpira kwenye pindo. Mpira unabana, jasho linatuama, ngozi inasuguliwa mguu unapozunguka, na mahali penye msuguano ngozi ya mtu mweusi huwa nyeusi, jambo ambalo kila mama aliyewahi kufunga mtoto mgongoni kwa kamba anaweza kukuthibitishia. Msilisingizie jua.

#5 Bi Forodhani
Shikamoo Mzee Kahama. Naomba kuuliza kwa heshima: ulipokuwa ukibeba magunia ulivaa nini?

#6 Mzee Kahama
Marahaba binti. Nilivaa shati la mikono mirefu, suruali ndefu na kofia ya ukili, kama mtu yeyote mwenye akili anavyovaa juani.

#7 Bi Forodhani
Basi mzee wetu ulijikinga kuliko sisi sote humu, ila hukununua kinga yako duka la dawa. Mimi naendesha baiskeli Unguja nikiwa na hijabu na mikono mirefu, na alama pekee nilizonazo ziko miguuni, mikanda ya ndala iliyochorwa wazi kabisa juu ya unyayo. Pwani nzima wana alama hizo, wake kwa waume, hata wasiojua kuendesha baiskeli, na hakuna mpira wala pindo linalobana pale. Kuna kamba laini na jua tu. Kwa hiyo hoja ya msuguano siikatai moja kwa moja, lakini haielezi miguu yangu, kwa sababu sehemu iliyofunikwa na kamba ndiyo nyeupe na iliyo wazi ndiyo nyeusi. Kama ni msuguano, ingekuwa kinyume chake.

#8 Fundi Ramani
Nimeona hakuna aliyejibu suala la mkono wa kushoto, nami kazi yangu ni upimaji ardhi, hivyo linanihusu. Mleta mada anakwenda Bagamoyo alfajiri, jua likiwa chini na miale yake ikiwa dhaifu kwa kuwa inapita katika hewa nene. Anarudi saa tatu hadi saa sita, akielekea kusini-mashariki, jua likiwa limepanda. Mwezi wa Juni jua la saa nne au saa tano liko kaskazini-mashariki, maana yake liko moja kwa moja kushoto kwake. Mwezi wa Desemba liko kusini-mashariki, maana yake linampiga usoni na kwenye mapaja. Upande wa kulia hupata jua kali mara chache sana katika safari hiyo. Jambo jingine ambalo watu wa Dar es Salaam hawalizingatii ni kwamba jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi. Kanuni ya kivuli ni rahisi: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko kimo chako, miale ni mikali, na siku za Oktoba kivuli hicho cha mchana unakikanyaga chote.

#9 Tunduma Moja kwa Moja
Mimi ni dereva wa lori na pia naendesha baiskeli nikiwa likizo. Mkono wangu uliokolea ni wa kulia, na shavu la kulia vilevile, kwa sababu usukani wetu uko kulia na kioo cha dirisha kiko hapo. Naomba Tabibu anieleze, maana nikiwa na kiyoyozi hufunga kioo, na niliambiwa kioo huzuia jua.

#10 Tabibu wa Zahanati
#9, kioo cha dirisha la pembeni huzuia karibu UVB yote, ile inayounguza, lakini hupitisha sehemu kubwa ya UVA, nayo ndiyo inayopenya ndani zaidi na kuzeesha ngozi. Mwaka 2012 jarida moja la tiba la Marekani lilichapisha picha ya mwanamume mwenye umri wa miaka 69 aliyeendesha gari la kusambaza bidhaa kwa miaka 28. Kwa kuwa usukani wao uko kushoto, nusu ya kushoto ya uso wake ilikuwa imekunjamana na kuwa na ngozi nene kuliko ya kulia, utadhani nyuso za watu wawili. Kwa hiyo Mwendapole, kabla hatujakubaliana na Fundi Ramani, tueleze kama wewe nawe huendesha gari siku za kazi.

#11 Mwendapole
Naendesha, ndiyo, lakini hiyo ingenipa mkono wa kulia uliokolea, na mimi nina wa kushoto. Fundi Ramani anaongoza mpaka sasa.

#12 Kanyagio
Suluhisho basi ni mleta mada kuhamia Bagamoyo, awe anakuja Dar alfajiri na kurudi kwao mchana, ili mkono wa kulia nao ulipwe haki yake.

#13 Bonde la Ufa
Salaam kutoka Iten, Kenya. Huku kwetu tuko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari na asubuhi tunaendesha tumevaa koti, hivyo jua si tatizo. Nadhani mistari ni ugonjwa wa watu wa pwani na joto lao, pamoja na lami inayorudisha jua kutoka chini.

#14 Fundi Ramani
Ndugu yangu wa Iten, ni kinyume kabisa. Joto na urujuanimno ni vitu viwili. Kila unapopanda mita 1,000 miale hiyo huongezeka kwa takribani asilimia 10, kwa kuwa hewa ya kuichuja hupungua, na mawingu mepesi huipitisha sehemu kubwa. Hivyo wewe unapata miale zaidi ya Mwendapole huku ukiwa huhisi, na baridi inakudanganya ukae juani muda mrefu. Ama lami, hiyo hurudisha joto jingi lakini urujuanimno kidogo mno. Mchanga mkavu wa ufukweni huizidi, nayo theluji huzizidi zote kwa mbali. Hesabu hiyo hiyo iwahusu na waliokwenda Kigali Septemba 2025 kwenye mashindano ya dunia ya barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, kwani Kigali iko kwenye mita 1,500 hivi na karibu kabisa na ikweta.

#15 Kocha wa Jioni
Kwa kuwa Kigali imetajwa, niongeze kwamba kwa waendeshaji wa kulipwa wa Ulaya mstari huo ni fahari. Wapo wanaohakikisha pindo la bukta na la soksi linakaa mahali pale pale kila siku ili mstari uwe mkali, kwa sababu unaonyesha saa walizokaa juu ya tandiko. Mstari uliofifia kingo ni wa mtu wa mazoezi ya wikendi. Vijana wangu wa mazoezi wameanza kuiga, wanakataa kuvaa mikono ya kitambaa niliyowanunulia, eti itawafutia vyeo. Mimi naona ni upuuzi, lakini kijana wa umri wa miaka 19 humwambii kitu kuhusu ngozi atakayokuwa nayo akiwa na miaka 50.

#16 Mfamasia wa Mtaani
Naomba kupanua mjadala, kwa maana nimeona kila mtu anachagua kati ya jua na mpira. Dukani kwangu hufika waendeshaji wenye mabaka, na huwauliza maswali matatu kabla sijawauzia chochote. La kwanza: unatumia dawa gani? Doksisaiklini, ambayo baadhi ya watu huimeza kujikinga na malaria au kutibu chunusi, huifanya ngozi iungue kwa jua ambalo kwa kawaida isingelijali, na mara nyingi migongo ya viganja ndiyo huanza kwa sababu inaelekea juu kwenye usukani. La pili: unakamua ndimu kwenye chupa ya maji? Maji ya ndimu yakikauka kwenye ngozi kisha yakapigwa na jua huacha alama nyeusi zenye umbo la matone au michirizi, wakati mwingine na malengelenge, na hukaa kwa wiki au miezi. La tatu huwa naliuliza kwa sauti ya chini: unapaka mkorogo? Krimu zenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi huondoa au kudhoofisha kinga niliyoisoma pale #3, na mtu aliyejichubua akikaa juani saa tano hubabuka vibaya, kisha huwa mweusi wa rangi ya majivu kuliko alivyozaliwa. Krimu za zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku Tanzania na Kenya, lakini soko linajua njia zake.

#17 Mwendapole
Mkorogo hapana, wala doksisaiklini. Ndimu ndiyo, kila safari, na huwa naikamua nikiwa nimesimama kando ya barabara. Sasa umenitia wasiwasi kuhusu lile duara la kiganja.

#18 Mfamasia wa Mtaani
Duara lenye kingo safi linalolingana na tundu la glovu ni la jua. La ndimu lingekuwa limeparaganyika. Ila osha mikono baada ya kukamua, usingoje duara la pili.

#19 Mzee Kahama
Bado sijaona aliyejibu kuhusu pindo. Mwendapole, angalia vizuri: mguu wote chini ya bukta ni mweusi sawasawa, au kuna pete nyeusi zaidi pale pale palipobanwa?

#20 Mwendapole
Mzee, nimekwenda dirishani kuangalia. Mguu wote chini ya pindo ni mweusi sawasawa, lakini ni kweli ipo pete yenye upana wa kidole, nyeusi zaidi kidogo na yenye vinyweleo vilivyokatika, pale pale mpira unapokaa. Sikuwahi kuitofautisha.

#21 Mzee Kahama
Nilisema.

#22 Tabibu wa Zahanati
Mzee ana hoja kuhusu pete, si kuhusu mguu. Hiyo huenda pia ndiyo sababu ya kutofutika. Weusi wa jua uko katika tabaka la juu, ambalo hujibadilisha kwa takribani wiki nne, kwa hiyo hupungua hatua kwa hatua ukijikinga, ingawa mwezi mmoja ni mchache. Lakini ngozi iliyovimba kwa msuguano, mzio wa mpira au vipele vya joto huweza kumwaga melanini kwenye tabaka la chini, na huko hukaa miezi mingi, hata miaka.

#23 Kocha wa Jioni
Au hakupumzika kweli. Mwezi wa Ramadhani watu wengi huendesha jioni kabla ya futari.

#24 Mwendapole
Kocha, jioni nilitembea kwa miguu kwenda sokoni, na bukta sikuivaa. Tuendelee.

#25 Dada Losheni
Nimechelewa. Sijaona mtu aliyezungumzia losheni kwa ukamilifu, na ile chupa yenye SPF 50 ndiyo naitumia kwa kuwa inanipa dakika 50 za usalama. Tatizo langu ni kwamba nikiipaka nakuwa mweupe kama chokaa, na ninapotoka jasho inaingia machoni.

#26 Mfamasia wa Mtaani
Dada, SPF haihesabu dakika. SPF 30 ikipakwa kwa kiwango kamili huzuia karibu asilimia 97 ya miale inayounguza, na SPF 50 huzuia asilimia 98, kwa hiyo tofauti ni ndogo kuliko bei zake. Kiwango kamili ndicho kinachowashinda watu: ni miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba, yaani kama mililita 30 kwa mwili wote wa mtu mzima, na inatakiwa urudie kila baada ya saa mbili na zaidi ukitoka jasho. Chupa ya mililita 50 haifikishi mara mbili. Weupe wa chokaa unatokana na oksidi ya zinki au ya titani. Kwetu sisi weusi losheni yenye rangi ya ngozi, iliyotiwa oksidi za chuma, ni bora zaidi, kwa kuwa hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho huongeza weusi wa mabaka, na losheni nyingi zisizo na rangi hazizuii mwanga huo.

#27 Kanyagio
Kwa hesabu hiyo, Bagamoyo kwenda na kurudi ni chupa nzima. Nitapaka mafuta ya nazi kama bibi yangu.

#28 Mfamasia wa Mtaani
Mafuta ya nazi yatalainisha ngozi, jambo jema, lakini usiyategemee kuzuia jua. Vaselini vilevile.

#29 Jua la Moshi
Nimekuwa nikisoma kimya. Mimi ni mtu mwenye ualbino na naendesha baiskeli. Kwenu mstari ni mada ya kutaniana, na mimi nacheka nanyi, lakini katika familia yetu mjomba alifariki kwa saratani ya ngozi iliyoanza na kidonda cha sikio alichokidharau. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi, kwa hiyo si ajabu kuwepo wengine humu. Kule hospitali ya KCMC Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, hutengenezwa losheni kwa ajili yetu, na inasambazwa pamoja na mafunzo kwa sababu chupa bila mafunzo huishia kupakwa kidogo kidogo ili isiishe. Jifunzeni kwetu mambo ambayo hamkuyataja: masikio, midomo, nyuma ya shingo, na utosi. Helmeti ina matundu, na jua hupita humo likachora milia juu ya kichwa kilichonyolewa; vaa kofia nyepesi ya kitambaa chini yake, yenye pazia la shingoni. Mimi huwa nimesharudi nyumbani kabla ya saa tatu, na jioni sitoki kabla ya saa kumi na nusu.

#30 Kocha wa Jioni
Asante sana, Jua la Moshi. Vijana wangu wataisoma #29 kesho kabla ya mazoezi.

#31 Bonde la Ufa
Pole kwa msiba huo. Niulize basi: sisi weusi nasi tunaweza kupata saratani hiyo? Nakumbuka Bob Marley aliuawa na saratani ya ngozi, na Jamaika ni nchi ya jua.

#32 Tabibu wa Zahanati
Bob Marley alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36, na saratani yake ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Aina hiyo, inayotokea kwenye kucha, nyayo na viganja, haihusishwi na jua, na ndiyo inayowapata weusi zaidi kuliko ile ya jua. Vilevile kwetu saratani nyingine ya ngozi mara nyingi huota kwenye kovu la moto au kidonda sugu. Kwa hiyo hatari ya Mwendapole kupata saratani kwa sababu ya Bagamoyo ni ndogo, bali mabaka na makunyanzi ndiyo yanayowezekana zaidi. Kidonda kisichopona au mstari mweusi unaotanuka ukuchani upelekwe hospitali hata kama hujawahi kupanda baiskeli.

#33 Bi Forodhani
Mimi narudi kwenye nguo, kwa maana hesabu ya #26 imenishawishi. Kitambaa kilichofumwa kwa kubanana huzuia miale siku nzima bila kurudiwa, na hakiingii machoni. Ila si kila kitambaa: fulana nyeupe ya pamba ni dhaifu, na ikilowa jasho huwa dhaifu zaidi. Likra, kile kitambaa cha bukta za kubana, ikichakaa, ukiinyoosha mbele ya taa ukaona mwanga, jua nalo linakuona.

#34 Kanyagio
Nimeijaribu yangu sasa hivi mbele ya taa. Sitaeleza nilichokiona, ila wanaonifuata nyuma kila Jumamosi wangeniambia mapema.

#35 Mwendapole
Nashukuru wote. Ili tujue kati ya Fundi Ramani na Mzee Kahama nani ana haki zaidi, nitavaa mkono wa kitambaa upande wa kushoto tu kwa miezi miwili, na mguu mmoja nitaukunjia pindo la bukta juu kidogo ili mpira usikae mahali pake. Nitaleta picha.

#36 Fundi Ramani
Jaribio hilo lina kasoro. Kushoto ndiko kunakopigwa na jua zaidi. Ukikufunika, mikono itafanana na hutajua ni kwa sababu ya kitambaa au kwa sababu msimu umegeuka. Funika wa kulia.

#37 Tabibu wa Zahanati
Sikubaliani na kuacha wazi mkono ulioathirika zaidi kwa ajili ya jaribio. Funika yote miwili, uangalie miguu tu.

#38 Mzee Kahama
Vaa suruali.